Tarehe kwenye dumu la mafuta

Dumu la mafuta jikoni kwangu lina tarehe. Naiandika mwenyewe kwa chaki ya kukatia nguo siku ninayolifungua. Ni dumu la lita 5, na nyumbani tuko 6: mimi, baba watoto, watoto watatu na mdogo wangu anayesoma chuo. Nilipoanza kuandika tarehe, mwaka juzi, dumu liliisha siku ya 15. Nikadhani labda kuna jirani kaazimwa. La pili likaisha siku ya 16. Hapo nikachukua kikokotoo ninachopigia hesabu za vitambaa, nikagawanya lita 5 kwa siku 15, kisha kwa watu 6. Jibu likaja mililita 55 kwa mtu mmoja kwa siku, karibu vijiko vinne vya chakula. Na katika hao 6 yumo mtoto wa darasa la pili.

Mimi ni fundi cherehani, niko Tandika, Dar es Salaam. Wateja wengi wananiuliza nimefanyaje mpaka nikapungua kiuno na presha ikashuka, na nikiwaeleza huku mashine inanguruma naona hatuelewani vizuri. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Fundi huona miili ya watu kwa namna ambayo hata ndugu zao hawaioni. Daftari langu la vipimo la zamani kabisa ni la 2009. Yumo mteja niliyemshonea sare ya harusi ya dada yake mwaka 2011, kiuno inchi 31. Mwaka 2023 alileta kitenge cha Idi, kiuno kikasoma 43. Katikati ya hapo alikuja kila mwaka, na kila mwaka nilimwongezea inchi moja, yeye kimya na mimi kimya. Sisi mafundi tuna desturi ya kuacha nafasi ndani ya mshono ili nguo ikibana ifunguliwe. Ni heshima kwa mteja, hutaki ajisikie vibaya. Nimewaachia watu nafasi miaka yote hiyo, na leo namfikiria yule dada, natamani siku moja tu ningemwambia: dada yangu, twende tukapime presha.

Mimi mwenyewe sikuwa na ukurasa kwenye daftari. Nilikuwa najishonea madera, na dera halina kiuno.

Agosti mwaka juzi palikuwa na upimaji wa bure karibu na Uwanja wa Mkapa. Nilimsindikiza jirani. Foleni ilipofika kwake, muuguzi akasema na mimi nikae. Presha ikasoma 156 kwa 98. Akanipumzisha robo saa, akarudia: 154 kwa 96. Akaniambia kuwa kuanzia 140 kwa 90 ndipo madaktari wanapoanza kuiita presha ya juu, na kwamba nisiridhike na kipimo cha siku moja, niende kituo cha afya nikapimwe tena na tena. Kisha akaona futikamba shingoni kwangu, maana nilitoka kazini moja kwa moja. "Dada, hebu jipime kiuno. Siyo pale unapofungia sketi. Hapa, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga."

Inchi 41.

Akanieleza kwamba mwanamke akizidi sentimita 88, yaani inchi 35 hivi, mafuta yaliyojificha tumboni yanakuwa hatari zaidi kwa moyo na kwa ugonjwa wa sukari. Kwa mwanaume ni sentimita 102, inchi 40. Futikamba ile nilikuwa nimeivaa shingoni kwa karibu miaka 20.

Nilishtuka zaidi kwa sababu ya mama. Mama yuko Muheza. Aligundulika na sukari 2014. Mwaka 2019 kandambili ilimchubua kidole cha mguu, na kidonda kikakaa wiki tatu bila kumuuma, kwa kuwa sukari ilishaua hisia za miguu. Alikatwa vidole viwili. Mimi ndiye niliyemshonea soksi za pamba zisizo na lastiki ya kubana, na kila nikizishona nilijiambia nitabadilika. Sikubadilika mpaka ile 41.

Nilianza vibaya. Dada mmoja aliniuzia unga wa kupunguza tumbo kwa shilingi 45,000, nikaharisha siku nne na kiuno kikabaki palepale. Nikaenda Kariakoo nikanunua shayiri ya kopo, tufaha, mkate wa brauni na mafuta ya zeituni kwenye kichupa kidogo. Siku ya tisa pesa ikaisha, nikarudi kwenye chapati kama mtu aliyefunguliwa kifungoni. Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba chakula chetu ndicho kibaya, na kwamba afya inauzwa kwenye kopo lenye maandishi ya kigeni.

Nilikwenda Muheza kumwangalia mama, nikamkuta anakula bada, ugali wa muhogo, kwa kunde, na mboga ya mchunga pembeni. Nikamuuliza zamani mlikuwa mnakulaje. Akasema, "Haya haya, mwanangu. Ila nazi moja ilikuwa ya chungu cha watu kumi, na shamba lilikuwa mwendo wa saa nzima." Nilirudi Dar na machungwa nusu gunia na maneno hayo. Mimi nilikuwa nakuna nazi mbili kwa chungu cha watu sita, tena tui la kasimile, lile zito la kwanza, lote nalimwagia kwenye mchicha. Na mwendo wangu ulikuwa kutoka kitandani hadi kwenye cherehani, hatua 60, nimezihesabu.

Basi nikaanza kupima. Kitu hiki nakijua. Mteja akiniambia "nikadirie tu, fundi," simkubalii, kwa sababu nguo ya kukadiria hurudi.

Mafuta nikaacha kuyamimina, nayachota kwa kijiko. Vijiko vitatu vya chakula kwa mboga ya watu wote, basi. Mwanzoni niliona aibu, nikihisi nawanyima watoto, maana nimekulia mahali ambapo mboga inayong'aa mafuta ndiyo alama ya nyumba yenye uwezo. Maandazi na chapati sasa ni Jumamosi. Siku nyingine asubuhi tunachemsha viazi vitamu, mihogo au magimbi, na yai kwa anayetaka. Samaki nilikuwa namkaanga mpaka akauke, sasa namchoma kwenye mkaa au namfanya chukuchuku, mchuzi bila mafuta, kwa ndimu, nyanya na bilinganya. Niwaambie ukweli, chukuchuku ya kibua ilinirudishia ladha ya samaki niliyoisahau. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga ina 4, kwa hiyo ukipunguza mafuta umepunguza kingi bila kugusa sahani ya mtu. Dumu langu siku hizi linakwenda hadi siku ya 31. Pesa ya lile dumu la pili ndiyo inayonunua matunda ya mwezi: mapapai, ndizi, matikiti yakiwa msimu. Mtu akiniambia kula vizuri ni gharama, namwomba tuhesabu pamoja madumu.

Sukari ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu ya baba watoto. Yeye ni dereva wa bajaji, anakaa kama mimi ninavyokaa, na chai yake ilikuwa vijiko vinne. Mimi vitatu, vikombe vinne kwa siku, maana kibandani thermosi haikauki. Hivyo ni vijiko 12. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi vijiko 12 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka chini ya sita ni bora. Mimi nilikuwa namaliza vyote 12 kwenye chai tu, kabla ya andazi, kabla ya soda ya saa nane mchana. Na chupa moja ya soda ya mililita 350 inabeba karibu vijiko tisa.

Nilimweleza mwenzangu kila kitu, sikumficha. Tukakubaliana kupunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Kuna siku alisema, "Mama, chai hii haijakolea." Nikamwekea iliki na tangawizi zaidi, na mchaichai ninaoupanda kwenye ndoo mbovu. Ilichukua miezi minne. Sasa yeye yuko kijiko kimoja, mimi nusu. Na tukienda ugenini tukapewa chai ya zamani, tunaona tamu mpaka koo linakereketa. Ulimi unajifunza, ila haupendi kuharakishwa.

Chumvi nayo nimeipunguza. Kiwango ni gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisichojaa sana, na humo unahesabu ile ya mkate, ya dagaa waliokaushwa kwa chumvi, ya vile viungo vya mchuzi vya pakiti. Viungo vya pakiti nimeviacha kabisa. Ukwaju, ndimu, kitunguu saumu na pilipili vinatosha.

Kuhusu ugali nataka kusema zaidi kidogo, kwa sababu watu wanakosea. Tulikuwa tunakula sembe. Mahindi yakikobolewa, kumvi na kiini vinaondoka, na humo ndimo mlimokuwa na nyuzinyuzi na vitamini nyingi za kundi B. Dona linabaki na vyote. Lakini usinunue dona ovyo. Mahindi yaliyohifadhiwa vibaya yanaota ukungu unaoleta sumukuvu, na sumu hiyo haifi kwa kupika. Mimi nanunua mahindi, nayamwaga kwenye ungo, tunakaa na binti yangu tunachambua: lililovunjika nje, lenye rangi ya ajabu nje, lililotobolewa na wadudu nje. Ndipo tunapeleka mashineni. Tena tunasaga kidogo kidogo, kilo tano tano, kwa kuwa dona lina mafuta ya kiini na likikaa muda mrefu linakuwa chungu. Watoto walilikataa mwanzoni. Nikachanganya robo dona kwa robo tatu sembe, kisha nusu kwa nusu, mpaka wakazoea. Na kwenye sahani nimegeuza mpangilio: mboga za majani na maharage au dagaa vinachukua nafasi kubwa, ugali unachukua robo. Matembele, mnafu, kisamvu, mlenda, vyote vipo genge la jirani, fungu shilingi 500.

Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa 1973, miaka mitano kabla sijazaliwa, na haya ninayoyasema wataalamu wameyasema muda wote huo. Nilikuwa nayasikia redioni, na kliniki nilipokuwa na mimba, na yakapita. Nadhani yalipita kwa sababu hakuna aliyeniambia nianzie kwenye kijiko gani.

Sasa niseme lililoniumiza. Nilipofika kiuno 37, watu walianza kuniuliza naumwa nini. Jirani mmoja alinivuta pembeni, akashusha sauti, akaniuliza kama nimepima "ule ugonjwa." Wifi yangu alimpigia kaka yake simu akitaka kujua kama tuna shida ya pesa. Mama mkwe, tulipokwenda Korogwe, alinishika mkono wa juu akaubonyeza, akamgeukia mwanawe: "Mke wako humlishi?" Baba watoto aliinamisha kichwa. Alijisikia kashutumiwa mbele ya wazee.

Naelewa inatoka wapi. Watu wa umri wangu tuliona miaka ya tisini ndugu wakikonda, kisha tukawazika. Kwa hiyo mtu akipungua, moyo unakimbilia huko kwanza. Na mwanamke mnene alisomeka kama mwanamke anayetunzwa. Sikumjibu mama mkwe kwa hasira. Nilimsubiri jioni, nikakaa naye jikoni, nikamwambia, "Mama, presha ilikuwa 156. Nilimwona mama yangu anakatwa vidole. Nataka niwaone wajukuu zako wakioa." Alinyamaza kidogo, kisha akasema kumbe na yeye kichwa kinamgonga kila asubuhi. Kesho yake tulimpeleka zahanati. Ilikuwa 178. Sasa anameza dawa.

Kwenye dawa nisieleweke vibaya. Kituo cha afya walinipima mara tatu kwa siku tofauti, wakanianzishia vidonge, na nameza mpaka leo, kila asubuhi. Presha yangu sasa inacheza kwenye 128 kwa 82, kiuno 36. Bado sijafika 35. Chakula na mwendo vinafanya kazi pamoja na kidonge, na kama kuna siku daktari atasema tupunguze, atasema yeye. Mteja wangu mmoja alitupa vidonge akanywa juisi ya majani, akapooza upande wa kulia. Nilimpokonya mwenzake chupa kama hiyo humu kibandani, na sijutii.

Mwendo ulinisumbua kuliko chakula. Fundi anakaa. Tangu 2015 nilipofunga mota kwenye cherehani, hata miguu ilipumzika. Nilianza na vitu vidogo. Nikienda Kariakoo kununua uzi, zipu na bitana, nashuka daladala Keko, namalizia kwa miguu. Nguo nakatia nikiwa nimesimama, na pasi napiga mara tatu kwa siku badala ya kurundika za jioni. Kila nikimaliza nguo moja, nashika ukingo wa meza nachuchumaa na kuinuka mara kumi. Magoti yalilia wiki ya kwanza. Ila ili nifikishe dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhema kidogo, kama wanavyoshauri, nilihitaji barabara, na mwanamke peke yake alfajiri barabarani anaogopa mbwa na vibaka, sawasawa.

Temeke, bahati nzuri, ni kwenye vikundi vya jogingi. Jumapili saa 12 asubuhi utawasikia kabla hujawaona, wanaimba kama mchakamchaka wa shule ya msingi. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na nakumbuka siku hizo barabara ilivyojaa. Mimi nilikuwa naangalia dirishani. Nilipojiunga mwaka juzi, nilikaa mkiani pamoja na kina mama wawili, tukitembea haraka wenzetu wakikimbia. Hakuna aliyetusema. Kiongozi alikuwa anarudi nyuma kutuhesabu.

Lakini majirani niliowaita walikataa, na nilipowabana nikagundua sababu: hawana cha kuvaa. Dera linanasa miguuni. Baibui linavuta joto. Suruali za kubana za dukani hawawezi kupita nazo mbele ya wakwe. Mtu anaacha afya yake kwa kukosa nguo, na mimi ni fundi! Nilikaa usiku mmoja nikachora: suruali pana ya pamba, lastiki kiunoni na kwenye kifundo ili isiburute, juu yake kanzu fupi inayofika chini kidogo ya nyonga, mpasuo pembeni ili hatua ipanuke, mikono mirefu yenye nafasi kwapani. Pamba tupu, siyo ile inayonata ukitoa jasho. Ya kwanza nilimshonea jirani yule yule niliyemsindikiza kupima. Alipita nayo mtaani akaulizwa na wanawake wanne. Mpaka sasa nimeshona 23, na Jumapili iliyopita mkiani tulikuwa 14. Mmoja ana miaka 61.

Ramadhani iliyopita nilianguka. Mwezi ule kwa fundi ni kazi usiku na mchana, nguo za Idi zinarundikana mpaka dari. Nilikaa saa 14 kwa siku, futari ikawa tambi, kachori na visheti vya jirani, uji una sukari ya kutosha, na mazoezi hakuna. Kiuno kilirudi 38. Mwaka huu nimepanga nipokee kazi mpaka tarehe 15 ya mwezi tu, na baada ya tarawehe tutembee, sisi wa mkiani, mpaka uwanjani na kurudi.

Ukurasa wangu kwenye daftari sasa upo. Najipima kila tarehe mosi, na naandika hata nikichukizwa na namba. Yule dada wa inchi 43 alikuja juzi kuulizia suruali. Nilimpima, nikamwambia namba kwa sauti, kisha nikamwambia ya kwangu ilikuwa ngapi. Tulikaa tukaongea mpaka magharibi.

Suruali yake imebaki kuwekwa lastiki, na kesho ni Jumapili, kwa hiyo naishia hapa.